Isale la Bure

Lile isale lilikatwa bila mimi kuulizwa. Ningeulizwa ningesema lisikatwe pale, na shemeji yangu angeendelea kukaa kwake na mimi kwangu kama tulivyozoea.

Aliyelikata ni mjukuu wangu. Ninaishi naye huku juu, upande wa Marangu, tangu alipokuwa anatambaa. Alipomaliza kidato cha nne akapata kazi ya kujitolea kwenye kituo cha utamaduni kule Moshi mjini. Kujitolea maana yake unaondoka asubuhi kama wenye kazi, jioni unarudi kama wasio na kazi. Anapiga ngoma, anaigiza, anawafundisha watoto wa mjini nyimbo ambazo mama zao walizikimbia huku mlimani. Jumamosi moja kila mwezi wanafungua milango, mtu yeyote anaingia, kuna muziki, kuna maigizo, kuna picha ukutani. Nje wametundika kitambaa chenye herufi kubwa: KIINGILIO BURE.

Neno hilo sijawahi kulipenda. Bure ni kitu ambacho hukukilipia, na bure ni kitu ambacho hakikufaa. Mtu akisema amekwenda mahali bure, hakuna anayemwuliza kama alilipa nauli. Nilimwambia mjukuu wangu hivyo, akacheka.

"Bibi, bure ya kwetu ni ile nzuri."

"Zote zinaandikwa sawa," nikamwambia.

Siku zile alikuwa ananiuliza sana mambo ya zamani, tukiwa tumekaa jikoni tunamenya ndizi. Alitaka kujua habari za isale. Nikamweleza, kwa sababu mtoto akiuliza mambo ya kwao hujibiwa. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Tunaupanda kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, na tunaupanda juu ya makaburi. Lakini una kazi nyingine. Ukimkosea mtu, ukachukua isale ukampelekea, umeomba radhi. Si lazima uende mwenyewe. Unaweza kutuma mtu wa nyumba yako, mtoto hata, akapiga magoti, akalitoa kwa mikono miwili. Yule akishalipokea, ugomvi umekufa. Akilikataa, watu watamwogopa yeye, si wewe.

Mjukuu wangu akaacha kumenya. "Bibi, hii ni nzuri sana," akasema, kama vile nimempakulia chakula.

Sasa niseme habari ya mpaka. Kihamba chetu kimepakana na cha shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu. Mume wangu alipokufa tulimzika kihambani kwetu, karibu na mpaka, jirani na kisiki cha mringaringa. Kando ya kaburi tukaacha nafasi. Hakuna aliyesema nafasi ile ni ya nini, maana inajulikana. Mke hulala pale.

Baada ya matanga nilishuka Mabogini, binti yangu alikuwa amejifungua, nikakaa naye kule kwenye mpunga na mbu mpaka akapata nguvu. Niliporudi, mstari wa masale ulikuwa umesogea. Umesogea kwetu. Yalikuwa yamepandwa vizuri, yamenyooka, yametiwa hata maji. Kaburi la mume wangu lilikuwa linagusa mpaka. Ile nafasi ilikuwa kwa shemeji, na juu yake ameshapanda mgomba.

Nilisema. Nilisema mbele ya ukoo wote. Shemeji akajibu kwamba mpaka ni ule ule, ila mimi nilikuwa natazama kwa macho ya kilio. Macho ya kilio! Wazee wakatuambia tuelewane wenyewe, ni mambo ya ndani. Mgomba wake ukakua, ukazaa, ukakatwa, chipukizi lake nalo likazaa. Mimi sikumsalimia tena. Kanisani padre akisema tupeane amani, huwa naitafuta rozari mfukoni mpaka mikono ya watu itulie.

Hayo mjukuu wangu aliyajua. Alikua akiyasikia. Lakini watoto wa siku hizi wanasikia mambo ya wazee kama redio ya jirani.

Jumamosi ile nilishuka naye. Nilipitia Kiboriloni kwanza nikauza ndizi zangu, maana siendi mjini kutembea tu, halafu nikaenda kituoni. Kumbe jengo lile nalijua. Lilikuwa ghala la kahawa. Nilipokuwa msichana tulikaa chini pale safu kwa safu, tunachambua, punje mbovu huku, nzuri kule, na mtu akiimba anafokewa kwamba anapunguza mikono. Sasa wamepaka kuta rangi ya chungwa, na mahali palipokuwa na mizani wamejenga jukwaa la kuimbia.

Ukutani kulikuwa na picha nyingi za mlima. Katika zote, mlima una theluji mpaka mabegani. Nikamwuliza kijana aliyezichora, "Huu ni mlima wa lini?"

"Shikamoo Bibi. Wateja wanaupenda hivi."

"Marahaba. Na wewe unauona hivi?"

"Mimi nikiamka nauona una mawingu, Bibi," akasema. Nikaona huyu hana neno, nikaendelea.

Ikaja kwaya, ikaimba vizuri. Akaja kijana akasema maneno mengi kwa haraka, mkono mmoja kipaza sauti, wa pili umeshika suruali isidondoke. Mama aliyekaa kando yangu akaniuliza, "Amesema nini huyu?" Nikamwambia sijui, ila amekasirika. Tukacheka wote wawili. Sitaki kusema uongo, mpaka hapo nilikuwa nimeanza kufurahi.

Halafu nikamwona shemeji. Mstari wa mbele kabisa, amevaa koti lake la harusi za watu, kofia juu ya goti. Mjukuu wangu alikuwa ametangaza kanisani baada ya misa kwamba wote wanakaribishwa, ni bure, na neno hilo shemeji analisikia hata akiwa usingizini.

Igizo lao lilikuwa la ndugu wawili waliogombania maji ya mfereji. Mmoja anaziba usiku, mwingine anazibua alfajiri. Wanatukanana, watu wanacheka, maana kila mmoja pale ana jirani wa namna hiyo. Mwishoni yule mkosaji anamwita binti yake, anampa isale, anamtuma. Binti huyo ndiye mjukuu wangu. Alikuwa amefunga kanga ya zamani, yangu, na amelishika isale mbele ya kifua kwa mikono miwili, kama nilivyomweleza.

Nikadhani atampelekea yule mwigizaji mwenzake. Hakumpelekea. Akashuka ngazi za jukwaa, akaja kwa watazamaji. Ngoma zikanyamaza. Akatembea taratibu mstari wa mbele, akasimama kwa shemeji, akapiga magoti.

"Babu," akasema, na sauti yake ikafika mpaka nyuma, "nyumba yetu imekosa. Tunaomba radhi."

Shemeji akalitazama lile isale. Halafu akageuza shingo, akaanza kunitafuta. Akapitisha macho kwenye vichwa vya watu mmoja mmoja mpaka akanipata. Akanitazama kwa muda. Mimi sikuinua mkono, sikutikisa kichwa, nilikaa tu. Sasa najua kukaa kwangu alikusoma vingine.

Akasimama. Kofia ikaanguka, hakuiokota. Akalipokea isale kwa mikono miwili, akasema, "Nimepokea." Akarudia kwa Kichagga, polepole, kama inavyosemwa kwenye mambo ya kweli. Machozi yakamtoka yule mzee.

Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanalia. Simu zimeinuliwa juu kama mishumaa ya Pasaka. Kijana mshereheshaji akapiga kelele, "Makofi kwa mzee wetu jamani! Hii ndiyo sanaa! Mzee ametisha!"

Mama wa kando yangu akanigusa. "Huyo mzee wamempanga?"

Nilikuwa kama mtu aliyekaa kanisani akasikia jina lake kwenye matangazo ya ndoa asiyoijua.

Tuliporudi nyumbani sikumwuliza mpaka alipovua ile kanga na kuikunja.

"Ulilikata wapi?"

"Nini, Bibi?"

"Isale."

"Pale mpakani, kwa babu. Ndiyo yalikuwa mazuri, yana kijiti kirefu."

"Na yule umempelekea unamjua ni nani?"

"Babu mdogo. Bibi, tulifundishwa tuchague mtu mwenye uso unaoonekana kutoka mbali. Yeye ndiye aliyekuwa na uso."

"Uso."

"Ilikuwa sanaa tu, Bibi. Kila mtu anajua ni sanaa."

"Umekata isale alilolipanda yeye ndani ya ardhi yangu," nikamwambia. "Umempelekea kwa magoti. Umesema nyumba yetu imekosa. Wewe ni wa nyumba gani?"

Akakaa kwenye kigoda na ile kanga mapajani. Nilimwacha hapo hapo. Sikumpiga kelele. Kelele ingempa kitu cha kulilia, na mimi nilitaka afikiri.

Jumapili nilipofika kanisani nikaona watu wananitazama kwa upole. Upole wa watu wengi kwa pamoja si kitu kizuri. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama mmoja mwenye mikono ya kukumbatia, akanishika nje ya mlango.

"Mama, umetufundisha. Kujishusha si kitu kidogo."

"Nimejishusha wapi?"

"Tumeona kwenye simu! Hata shemeji zangu wa Arusha wametumiwa."

Video ilikuwa imeingia kwenye kundi la ukoo. Imefika Dar, imefika kwa watu ambao hata mazikoni hawaji, na wote wameniandikia hongera. Mama mkubwa ameomba radhi. Mama mkubwa amemaliza ugomvi. Mjukuu wangu alinisomea machache, nikamwambia azime.

Mtu aweza kuniambia ningesimama pale pale nikasema ule ulikuwa mchezo. Nilifikiri hivyo wakati wa mahubiri, na padre anisamehe, sikusikia alichosema. Ningesema, basi yule mzee angekuwa mtu aliyelia mbele ya mji mzima kwa ajili ya mchezo wa watoto, na wangemcheka mpaka kaburini. Na mimi ningekuwa mwanamke aliyetoa isale akalinyang'anya. Jambo la namna hiyo sijawahi kulisikia likifanyika, na sikutaka kuwa wa kwanza. Lakini nisiposema, basi nimekiri. Nimekiri kwamba nilimsingizia, kwamba mpaka ni ule ule, kwamba macho yangu yalikuwa ya kilio. Na mgomba wake utabaki pale pangu, na mimi watanitafutia pa kulala huko nyuma ya banda la ng'ombe.

Ulipofika wakati wa amani, rozari sikuwahi kuitafuta. Shemeji alivuka kutoka upande wa wanaume akaja kwangu mkono umenyooshwa, kanisa zima linatazama. Nikampa mkono. Wake ulikuwa wa moto. Wangu niliurudisha mapema.

Katikati ya wiki nikasikia kikohozi chake njiani kabla sijamwona. Nakijua kikohozi kile, kinaanza chini kama kinavuta kitu. Alikuja amebeba mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye dumu dogo, na mkono wa pili ameshika kopo la maji lenye isale. Alikuwa amelitunza. Kijiti chake bado kibichi kabisa. Mjukuu wangu alikuwepo, hakwenda mjini siku ile. Akatoa viti, akamwamkia, "Shikamoo Babu," akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Shemeji," akaanza, "nimekuja."

"Nimekuona. Karibu."

"Nimekuja kusema kwa mdomo wangu. Nimekusamehe."

Nilikuwa nimeshika kata ya kutekea maji. Nikaiweka chini.

"Umenisamehe nini?"

"Yale uliyosema mbele ya ukoo. Kwamba mimi nimehamisha mpaka. Yaliniuma, shemeji, siwezi kuficha. Lakini umeleta isale, na nimekwenda nikaona umelikata wapi. Nikasema huyu amelitoa pale pale penye maneno. Amemaanisha."

Mjukuu wangu akasema kwa sauti ndogo, "Babu, ilikuwa..."

"Nyamaza," nikamwambia.

Shemeji akamgeukia. "Najua unachotaka kusema. Hata vijana wangu wameniambia. Mzee, yule alikuwa anaigiza. Nikawaambia, igizo mtaigiza na vingine. Isale halina mchezo."

Akarudia hayo ya mwisho huku ananitazama mimi, na nikaona kitu machoni mwake ambacho hakikuwa cha ushindi. Alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa nitasema kweli ulikuwa mchezo. Amekonda, koti linamning'inia, na kikohozi kile si cha vumbi. Nikaelewa kwamba naye ana umri wa kufikiria mambo ya kulala, na hataki kwenda huko akiwa na mimi mgongoni.

Ningetaka kusema moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Lakini nililishika lile neno lake.

"Kweli," nikasema. "Isale halina mchezo. Umelipokea?"

"Nimelipokea."

"Kwa hiyo ugomvi umekwisha."

"Umekwisha, shemeji. Kabisa."

"Ugomvi ulikuwa wa nini?"

Akakohoa. "Si tumeyaacha hayo?"

"Ulikuwa wa nini?"

"Wa mpaka."

"Basi nipe hilo isale, twende tukaone mpaka umekwisha wapi."

Nikalitoa kwenye kopo, nikatangulia. Mjukuu wangu akataka kunishika mkono kwenye mteremko, nikautoa. Tulipita kaburini, nikapiga ishara ya msalaba, nikavuka ule mstari wa masale yake yaliyonyooka. Sikuwa nimeuvuka tangu siku niliyoukuta umesogea. Nikapita kando ya mgomba mpaka kwenye kisiki cha mringaringa. Mti ule yeye na kaka yake waliukata pamoja wakiwa vijana, kabla mimi sijaolewa. Masale mtu anaweza kuyang'oa akayapanda popote. Kisiki kile hakuna aliyewahi kukisogeza, na mpaka wa baba yao ulipita pale. Hilo analijua kuliko mimi.

Nikainama. Magoti yangu si ya kuinama tena, lakini yaliinama. Nikafukua kwa mkono, nikachomeka isale kando ya kisiki, nikalikanyagia udongo kwa kisigino.

"Hapa ndipo ulipokwisha," nikamwambia. "Isale ulilolipokea ni hili. Ukiona lipo mahali pabaya, ling'oe."

Shemeji alisimama upande wake, ambao ni upande wangu, ameweka mkono kwenye ule mgomba kama mtu anayeshikilia ng'ombe. Mjukuu wangu alikuwa analia kimya kimya, na safari hii hapakuwa na wa kumpigia makofi.

Mwisho shemeji akasema, "Mbege ipo, shemeji. Tunywe kata moja, ndiyo desturi."

"Tutakunywa likishika mizizi."

"Mbege haingoji."

"Mimi nimengoja," nikasema.

Akachukua dumu lake akaondoka. Nilimsikia akikohoa mpaka njia panda.

Tangu siku ile hajaja, na mimi sijaenda. Kwenye kundi la ukoo bado wanaleta hongera. Kanisani ananipa mkono nami nampa, kwa sababu watu wanatazama, na sote wawili tunatazama chini. Isale halijang'olewa. Ila kuling'oa kwake kungekuwa jibu, na kuliacha si jibu. Yawezekana amekubali. Yawezekana anangoja nife kwanza, halafu vijana wake waling'oe bila mtu wa kuuliza. Usiku nayafikiria yote mawili, na asubuhi kabla ya kukamua naenda kutazama.

Kule kituoni wanataka igizo lirudiwe. Wamesema lile la mzee kulia lilikuwa zuri kuliko yote, wanataka waweke viti zaidi. Mjukuu wangu amekataa kushuka jukwaani. Amewaambia isale atampa mwigizaji mwenzake, au wakate jani la karatasi. Wamemwambia anaharibu kazi. Akaniuliza kama nitakwenda kumtazama, kiingilio bado ni bure. Nikamwambia ile ya kwanza bado naifanyia hesabu.

Leo asubuhi isale nimelikuta limelala upande. Mvua ilinyesha jana, na ng'ombe wake wakati mwingine hukata kamba. Yaweza kuwa mvua, yaweza kuwa ng'ombe, yaweza kuwa mkono. Nimetafuta nyayo, udongo ulikuwa umeoshwa. Nikapiga magoti, nikalivuta kidogo nione kama limeshika. Sikuweza kujua. Nikalisimamisha, nikalikanyagia udongo upya.

Upande wa pili wa migomba mtu akakohoa. Nikasimama pale nikisikiliza kama atasema neno. Hakusema, wala hakuondoka.